Misalaba ya Chaki ya Gaston Kitwa

Kabla hajawa dereva, Gaston Kitwa aliyagonga magari moshi kwa miaka tisa, tena kwa mshahara. Pale stesheni ya Kamina, ambako reli zinakutana, treni haikuondoka mpaka mtu apite behewa kwa behewa na nyundo yenye mpini mrefu, agonge kila gurudumu na kutega sikio. Gurudumu zima huita kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Mgongaji akilipata hilo hapigi kelele. Anachora juu yake msalaba mdogo wa chaki na kuendelea mbele, na fundi anayekuja nyuma anaona alama na kujua kazi yake.

"Abiria akisikia neno ufa, anashuka na kuku wake," msimamizi alimwambia siku ya kwanza. "Na hatapanda tena." Gaston alilishika neno hilo kana kwamba lilishuka na Musa mlimani.

Mwaka 1948 Wamethodisti wa mjini walipata lori kuukuu la kubebea kwaya, wazee wa kanisa na mabati ya shule, wakatafuta dereva. Gaston alizaliwa Mkatoliki, mtoto wa wakulima wa kijijini, lakini wakati huo alikuwa amekwisha kumwoa Agar, binti wa mwalimu, akahamia kanisa lake. Watu walisema amemfuata mke. Mwenyewe alisema amefuata nyimbo. Agar alisema amefuata maharagwe yake, na ukimtazama Gaston tumboni ulielekea kumwamini Agar. Basi akapewa ufunguo, akaacha reli, ila nyundo akaondoka nayo.

Kila safari ilianza na saa nzima ya Gaston na lori lake. Alimwaga maji kwenye rejeta mpaka yafurike, akachomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa kitambaa ambacho mkewe alikitafuta miezi kadhaa akidhani kimeibwa. Alikanyaga breki mara tatu. Alipapasa mipira ya magurudumu kwa kiganja, akichokoa kokoto na miiba, kama mama anayetafuta homa ya mtoto. Ndipo ilipotoka nyundo. Alizunguka gurudumu kwa gurudumu, akigonga nati moja moja. Nati iliyokaza iliita. Iliyolegea ilinung'unika, naye alichora kando yake msalaba mdogo wa chaki. Akimaliza mzunguko, alirudi na spana, akakaza palipo na msalaba, akajifuta mikono na kusema neno moja: "Salama."

Miaka sita watu hawakusikia kingine kutoka kwake ila hiyo salama. Spana hawakuitilia maanani. Wakakata shauri kwamba lori lao halijawahi kuwa na tatizo lolote, kwamba ile nyundo ni mazoea ya reli tu, na kwamba ile misalaba, jamani, ni Ukatoliki haujamtoka.

"Baba Gaston, unabatiza kamyo tena?" Mama Phébé, kiongozi wa kwaya, alimwuliza kutoka juu ya lori, kwa sauti iliyofika sokoni bila msaada. "Juma ile ingine si ulishaibatiza?"

Kwaya ilicheka, sauti zote nne. Gaston alicheka pia na kugonga nati iliyofuata. Nyumbani Agar alijaribu njia nyingine.

"Baba Noémie, hii misalaba inanipa haya. Chora kitu ingine. Chora hata kuku."

"Mugongaji anachora musalaba," Gaston akajibu. "Kuku njo ya nini?"

Mwaka 1954 akahamishiwa kwao Pasta Élisée, mtu mwema, mwenye saa mfukoni na tabia ya kuitoa. Safari mbili za kwanza alichelewa, na mara zote mbili alisimama kando ya lori akimtazama dereva wake akichora misalaba kwenye magurudumu. Ya tatu hakuingoja. Alimwita Gaston ofisini.

"Gaston, weye uko Mukatoliki ao uko Mumethodisti?"

"Mumethodisti, Pasta."

"Sasa ile musalaba ku magurudumu ni ya nani? Unafikiri Mungu analinda mupira kama unaandika na chaki?"

"Hapana, Pasta. Ni kazi."

"Kazi. Mu miaka sita unagonga-gonga, ulishapata nini mubaya? Niambie kitu moja tu."

Gaston alikuwa na jibu, tena refu. Alikumbuka gurudumu la nyuma mwaka ule wa mvua nyingi, na lile la mbele wakati wa arusi, nati nne kati ya sita zimelegea. Akafungua mdomo. Lakini Pasta akijua, wazee watajua. Wazee wakijua, wake zao watajua. Na Mama Phébé akijua, hapatakuwa na mtu wa kupanda lori hilo hata kwenda sokoni. Akaufunga mdomo, akaufungua tena, na kilichotoka ni kile kile.

"Salama, Pasta."

Lilikuwa jibu la kipumbavu kuliko yote aliyowahi kutoa maishani. Pasta alinyoosha mkono, akachukua ufunguo. Ijumaa, akasema, kwaya itakwenda kwenye mkutano wa kanisa, njia ya Mulongo, na kijana mmoja, Marc, ataendesha. Marc akifika kwa wakati, ufunguo utabaki kwake.

Marc alijifunza udereva huko Base, kambi ya jeshi la anga, mahali pa ndege na kaptula zilizopigwa pasi. Alhamisi jioni alibadilisha gurudumu la nyuma upande wa kushoto, akaliosha lori, akaipaka mipira rangi nyeusi mpaka ikang'aa. Gaston alipita na baiskeli, akaiona, akaenda nyumbani. Alilipenda lile lori. Naam, alimpenda, kama mtu anavyompenda mtu, na hakuwa na mwingine wa kumwambia ila Agar.

"Ulimwambia Pasta misalaba ni nini?" Agar akauliza.

"Nilimwambia salama."

"Bwana wangu uko mujinga," Agar akasema. "Na hakuna mutu alinilazimisha. Minyi mwenyewe njo nilikuchagua."

Ijumaa asubuhi lori lilijaa: kwaya, mikeka, masufuria, mbuzi mmoja wa zawadi. Agar alikuwa juu, maana bila yeye sauti ya kwanza ni uji, na Noémie binti yao alikaa magotini pake. Pasta alitoa saa na kutabasamu. Marc, kwa kuwa watu wanatazama, alilizungusha lori uwanjani polepole kabla ya kushika njia, ili wote waone mipira inavyong'aa.

Lilipompita Gaston akiwa amesimama na nyundo yake, alisikia mlio gurudumuni. Teke. Gurudumu likazunguka. Teke.

Aliwatazama wengine. Hakuna aliyesikia, kwaya ilikuwa imekwisha kuanza wimbo. Akinyamaza, atakuwa mgongaji mwema wa reli, na mkewe na mtoto wake watateremka kilima cha mtoni juu ya gurudumu hilo. Akisema, ni mtu mwenye wivu. Miguu yake haikungoja uamuzi. Alikwenda kusimama mbele ya lori, mikono imenyooshwa, nyundo hewani, na Marc akakanyaga breki hata mbuzi akamwangukia mzee wa kanisa.

"Gaston!" Pasta akaita. "Hii ni nini sasa? Ni wivu?"

Gaston aliinama kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, akagonga mara sita, akatoa chaki mfukoni na kuchora msalaba. Kisha wa pili. Kisha wa tatu.

"Tena misalaba yako, mbele ya macho yangu!"

"Pasta, leta vidole." Alimshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauweka kwenye nati ya kwanza yenye msalaba. "Zungusha."

Pasta alizungusha. Nati ikafuata vidole vyake kama kifuniko cha chupa. Akajaribu ya pili. Ile ya tatu ilimbakia mkononi, akaitazama kuliko alivyowahi kuitazama saa yake. Wimbo ulikuwa umekatika. Marc alikuwa amekuja, na uso wake haukuwa na pasi tena.

"Na ile misalaba ingine?" Pasta akauliza kwa sauti ya chini. "Ya miaka yote?"

"Njo vile, Pasta. Yote ilikuwa vile."

Juu ya lori Mama Phébé alisikia. Safari alizopanda akicheka zilimrudia moja moja, milima na mito yake, akashuka taratibu, akishika ubao kwa mikono miwili. Wengine wakamfuata, na mbuzi pia.

"Baba Gaston," akasema, safari hii kwa sauti ambayo sokoni hawakuisikia. "Gonga. Gonga yote. Tutangoja."

Wakangoja saa nzima, na saa ya Pasta ikabaki mfukoni. Gaston alipomaliza alikuta ufunguo umewekwa juu ya kiti. Marc alikaa kando yake njia nzima, akiulizwa tofauti ya nati inayoita na inayonung'unika, akikosea, akiulizwa tena. Mkutanoni walifika wamechelewa.

Toka siku hiyo hakuna aliyepanda lori la Gaston kabla ya kulizunguka, Mama Phébé akiwa mbele, wakitafuta misalaba. Wakiiona walipanda kwa amani, maana kazi imefanyika. Lakini zilikuwepo siku ambazo nati zote ziliita vizuri na magurudumu yalikuwa safi, na hapo ndipo shida ilipoanza.

"Leo hakuna hata moja?" Mama Phébé alisema na kurudi nyuma. "Baba Gaston, rudia. Hukusikia muzuri."

Alirudia mara mbili, mara tatu, nao wakazidi kukunja nyuso, jua likipanda. Mwishowe Gaston Kitwa, ambaye chaki yake haikuwahi kusema uongo mahali popote, relini wala barabarani, aliinama kando ya gurudumu lililokuwa zima kabisa, akamwomba Mungu msamaha, akachora msalaba mmoja mdogo. Wote wakapanda.

"Salama," akasema.