Makofi ya Bweremana

Nyiraneza alizaliwa kwa vilima vya Masisi, kwa watu wa maharagi na mihogo. Ziwa alilijua siku bwana yake alimuleta Bweremana, na sasa ziwa njo inamulisha. Mitumbwi ikiingia asubui, anainama kwa muchanga, anatandaza sambaza zake zikauke, samaki wadogo kama vidole vya mutoto. Mutoto mwenyewe, Fifi, anakuwa mu mugongo, anamuvuta nywele.

Mwaka huu kule mbele, pale maji inakuwa nyeusi juu ya kina, société moja, kampuni ya gesi, ilileta plate-forme: nyumba ya chuma yenye kuelea, na bomba yenye kushuka mpaka chini kutafuta gesi. Wavuvi walikatazwa kuikaribia. Ile watu waliivumilia. Lakini gesi inaomba pia nafasi ku inchi kavu, ya kuweka matangi, na société ilichagua muchanga wa wamama.

Musemaji wao, Honoré, alikuja na fanta na mikro.

"Kwanza, tupigie wageni ban!" akasema.

Watu wakapiga makofi. Nani ataacha kumupigia mugeni makofi? Nyiraneza naye alipiga. Kisha Honoré akaeleza mambo ya matangi, akapanda gari. Kesho yake redio ikasema: wakaaji wa Bweremana wamekubali kwa makofi kutoa muchanga wao.

Vestine, mwenye kuanika samaki pembeni yake, akasimama mikono kiunoni.

"Dada, we ulikubali?"

"Mi nilisalimia."

"Njo vile! Tunasalimia tu, wao wanaandika ndoa."

Nyiraneza hakucheka. Muchanga ukienda, sambaza zitaoza mu mabeseni, na Fifi atakula nini? Alipita kwa wamama, mumoja mumoja, kila mutu kwa samaki yake. Wageni wakirudi, akawaambia, hakuna makofi.

"Ata kama mugeni anaanguka?" Vestine akauliza.

"Akianguka, mumuinue. Mikono mutakuwa nayo."

Wakarudi kweli, na camera, juu ya kuonyesha shukrani ya watu. Papa Shema, chef mwenye kuongoza kijiji, alikaa mbele pamoja nao.

"Mama zetu wa Bweremana!" Honoré akapaza sauti. "Ban kwa société!"

Kimya. Mutu mumoja akakohoa. Honoré akarudilia, meno inje. Kimya tena.

Halafu: pa, pa, pa.

Ilikuwa Fifi, mu mugongo ya mama yake, anapiga vikono vyake kwa furaha yote.

"Munaona?" Honoré akacheka. "Ata mutoto anajua maendeleo! Mama, simama tukuone!"

Camera ikageuka. Nyiraneza akasimama. Akafungua kikwembe, akamuleta Fifi mbele, akakamata vile vikono viwili vyenye kunuka samaki, akavibusu, akavifunga ndani ya mukono yake mumoja.

"Papa Honoré, huyu anapigiaka ata kuku makofi. Juzi alipigia mvua. Kama njo yeye aliwapa muchanga, mungoje aache titi, mutakuja kuongea naye. Sisi wakubwa tunasema apana."

Wamama wakapasuka kicheko. Honoré hakucheka tena.

"Mama, mulishapiga makofi ya kwanza."

"Ile ilikuwa ya kusema karibu. Haikuwa ya kusema kamata."

"Nyiraneza," Papa Shema akanong'ona, "unatupatisha haya mbele ya wageni."

"Haya gani, Papa? Wakiwa na njaa, nitawapikia sasa hivi. Wakae, wakule, washibe. Ila makofi, apana."

Papa Shema akamuangalia, akaangalia wamama nyuma yake, wote mikono chini. Honoré akainua mikro mara ya mwisho: "Chef wetu atuanzishie! Ban moja!"

Chef akatia mikono yake mu mifuko ya koti.

Honoré akaanza kukunja kamba ya mikro. Nyiraneza alikuwa amekwisha kuinama, Fifi mu mugongo, anamwaga beseni lake katikati ya wageni na gari lao.

"Mupitie pembeni, Papa," akasema. "Musikanyage samaki."