Bei ya Foleni

Bango langu lilisimama kabla sijapata mtu wa kulijaza. Nalisema hili kwa fahari, maana wengi hapa Tunduma husubiri mteja kwanza ndipo wanunue vyuma. Mimi nilirudi kutoka Dar es Salaam na diploma yangu ya masoko, uzoefu wa kampuni kubwa ya matangazo, na akiba niliyoijenga bila mjomba wala mume. Vyuma vilichomelewa Vwawa, nami nikiwa nimesimama nyuma ya fundi mpaka akaniomba nikatafute soda. Kibali nilikifuata mwenyewe, ofisi kwa ofisi, mpaka wakachoka kuniona.

Nilichagua mahali kwa akili. Dar mtu anapita chini ya bango mbio, jicho moja kwenye barabara, jingine kwenye simu. Hapa malori yanayokwenda Zambia husimama kwenye foleni ya kuingia mpakani. Dereva analala chini ya bango, anapiga mswaki chini ya bango, anafua shati na kulianika kwenye kioo cha pembeni huku akilitazama. Hakuna tangazo linalosomwa hivyo nchi hii. Niliwaza hivyo nikiwa peke yangu, na mpaka leo sijamsikia mwingine aliyewaza.

Lakini bango lilikaa jeupe. Nilikwenda kulitazama asubuhi, nikaenda tena mchana, kana kwamba lingejiandika. Bosi wangu wa zamani akapiga simu: kiti changu bado kipo, anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nyumbani kwetu Ihanda nilikuwa nimeshatangaza mbele ya kanisa zima kwamba nimerudi moja kwa moja. Ningepanda basi na mabegi yaleyale, habari ingefika Mbeya kabla yangu.

Ndipo nikaenda kwa Hajji. Ni mzee aliyetoka Tanga miaka mingi iliyopita, anauza matairi na betri za malori, na duka lake linajulikana mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Alinikaribisha kiti, nikabaki nimesimama.

"Kaa, binti."

"Nipo sawa, Hajji."

"Unanihangaisha. Mtu haongei bei amesimama kama mgambo."

Nikakaa, nikasimama tena. Nikamtajia laki nne kwa mwezi.

"Laki nne! Hilo bango linaongea?"

"Haliongei, linasomwa."

"Laki mbili, na nakusaidia kwa sababu umesoma."

"Hajji, laki mbili ni bei ya kubandika karatasi kwenye nguzo ya umeme."

Alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akaanza kuligeuza jambo polepole, kama mtu anayekagua tairi. Akasema dereva anayekimbia matairi yake ni mazima, hana haja naye. Anamtaka aliyesimama, mwenye muda wa kushuka na kuyapiga teke. Basi atalipa kwa siku: elfu ishirini kila siku foleni itakapofika kwenye bango. Isipofika, hakuna deni.

"Na nani atasema imefika?" nikauliza.

"Yule mama anayewapikia madereva. Akiweka jiko chini ya bango lako, imefika. Si ndugu yangu, si ndugu yako."

Kila mtu barabara ile alimjua mama huyo. Jiko lake alilibeba pale mkia wa foleni unapoishia, kwa sababu waliofika sasa hivi ndio wenye njaa. Siku hizo mkia uliishia chini ya bango langu karibu kila asubuhi. Nikapiga hesabu kichwani hapohapo, sikuhitaji kikokotoo: wiki tatu tu za foleni zingenipa zaidi ya ile laki nne aliyoikataa. Nikampa mkono kabla hajabadili nia. Mchoraji akachora tairi kubwa kuliko mtu, nami nikapiga picha nikaituma Ihanda.

Kisha mpaka ukaanza kufanya kazi vizuri.

Sijui nani alikemewa huko forodhani, ila malori yakawa yanapita. Yalipita bila hata kupunguza mwendo, yakiniachia vumbi na tairi langu la rangi. Niliamka kabla ya jogoo nikatoka kuitazama barabara. Nikirudi ndani, nasikia breki, natoka tena. Nikawa mtu wa kufurahi mtandao wa forodhani ukikatika. Siku moja ulikatika kweli, foleni ikarudi, nami nikatembea kando ya malori kama mkaguzi. Dereva mmoja wa Zambia akanitolea kichwa dirishani, akanisalimu kwa Kibemba.

"Mulishani, madam! Mbona unacheka? Sisi tunateseka."

"Karibu Tunduma," nikamwambia.

Kesho yake mtandao ukarudi.

Mwezi ulikuwa unakwisha na bosi alikuwa amepiga tena. Nikamfuata mama lishe. Alikuwa amehamia karibu kabisa na geti la mpaka. Ni Mnamwanga wa hapahapa, mkubwa kwangu, mwenye mikono isiyotulia na mdomo usiotulia zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, dada wa bango. Leo umekuja kula au kuhesabu malori?"

"Kwa nini usihamie kwangu? Kuna nafasi, kuna kivuli."

"Kivuli hakinunui ugali. Mimi nafuata matumbo."

Nikamwambia nitamlipa kila siku atakayoliweka jiko pale. Akaniangalia kama mtoto aliyetukana.

"Nikae nitazame lami? Hajji akipita akaona jiko halina hata lori moja, atanicheka mimi, si wewe. Na hebu kaa chini! Unavyozunguka hivyo utaniunguzia maharage."

Nikakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Akapakua sahani mbili, akarudi.

"Hajji umemwandika na tairi lake," akasema. "Mimi nina nini cha kumsimamisha dereva? Niandike na mimi, nitahama."

Hapo ndipo elimu inapojionyesha. Mwingine angesikia maombi ya mama lishe. Mimi nikaona kwamba kumbe siihitaji foleni, naweza kuitengeneza. Chini ya tairi kulikuwa na ukanda mtupu. Nikamwambia ukanda ule una bei yake.

"Bei ni mimi kuwepo," akasema. "Na samaki awe na kichwa. Asiye na kichwa watasema ameoza."

"Kichwa kinaongeza rangi, mama."

"Basi punguza tairi."

Tulivutana mpaka maharage yakaiva. Nilimpa ukanda bure, nikamchorea ugali na samaki wa Rukwa, kichwa na mkia, na mshale mwekundu ukionyesha chini. Naye akahamia.

Siku ya kwanza lilisimama lori moja. Siku ya tatu yalikuwa yamejipanga kando ya lami, na barabara ya mpakani iko wazi kabisa. Madereva walikula wakilitazama tairi, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Nilitembea huku na huku nikiwahesabu, mama akinifukuza nisiwakanyagie sahani.

Hajji akaja na gari lake, akashuka, akatazama malori, akatazama barabara tupu.

"Hii ni foleni?"

"Jiko liko wapi, Hajji?"

Akaliona jiko. Akaona na samaki. Akarudi hatua mbili kuelekea garini, na angeweza kupanda na kuondoka na mwezi wangu wote.

"Umenipiga chenga, binti."

"Ni diploma, Hajji."

"Diploma gani! Huu ni ujanja wa sokoni." Lakini nilimwona anazuia kicheko. Akamfuata dereva mmoja, akamuuliza ananunua wapi matairi, dereva akaonyesha juu kwa kidole chenye ugali. Hajji akarudi kwangu. "Haya. Laki nne kwa mwezi, foleni iwepo isiwepo. Ila samaki atoke. Tairi langu halikai juu ya samaki. Watasema linanuka."

Laki nne. Bei yangu ileile ya siku ya kwanza. Mama alikuwa anasonga ugali, hakuinua kichwa. Nikaenda mpaka ukingoni mwa lami, nikarudi, nikaenda tena. Nilikuwa nimempa ukanda ule kwa mdomo wangu.

"Samaki hatoki, Hajji."

"Unakataa laki nne?"

"Ukimtoa samaki, mama anaondoka, malori yanaondoka. Mwezi ujao utakuja hapa na laki moja mkononi, na utakuwa na haki."

"Laki tatu, na samaki wako."

"Tatu na nusu."

"Tatu. Nina jua kichwani."

"Tatu," nikasema, "na miezi sita mbele, kwa maandishi."

Alinipa mkono huku akinung'unika. Mama akapaza sauti bila kugeuka: "Mmemaliza kelele? Hajji, kaa hapo ule, unanizuilia wateja." Mzee akakaa, akanawa.

Nikampigia bosi papo hapo, nikamwambia sirudi.

"Unabaki kufanya nini huko?"

"Nauza nafasi ya bango."

"Mabango mangapi?"

"Moja."

"Moja?" akasema, na nikamsikia anatabasamu.

Nilikata simu. Hajji alikuwa bado anachambua miba, mama ananiita nije nile, lakini miguu ilishaanza. Nikazunguka nyuma ya bango, upande unaotazamwa na malori yanayotoka Zambia. Ni bati tupu, lina kutu kidogo pembeni. Nikaanza kulipima kwa mikono.