Kaptula Yenye Miguu Miwili ya Kushoto

Nilimpa mwanafunzi wangu wa ushonaji kitenge cha mteja akate, nikaingia ndani kunywa chai. Ujinga wangu ndio huo. Nauweka hapa mlangoni mapema, maana ukingoja kuusikia kwa watu wa mtaa wetu wa Itetemia, wao wanausimulia vizuri kunizidi.

Kitenge kilikuwa na ndege. Kama wewe si fundi huenda hujui kwamba kitambaa cha ndege kina juu na chini. Ukikikunja vibaya kabla ya kukata, ndege wa mbele watasimama na wa mgongoni wataning'inia. Yule binti naye hakujua, kwa sababu aliyepaswa kumwambia alikuwa ndani na kikombe chake, amenyoosha miguu. Mimi ni mtu wa nyumbani, sibishi. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walipanda treni kwenda Dar, mimi nikaenda stesheni kuwapungia mkono, na tangu siku hiyo sijaona sababu ya kwenda mbali zaidi ya stesheni.

Mteja alipokuja kuchukua gauni lake aliligeuza, akalitazama mgongoni, akasema, "Fundi, hawa ndege wangu mbona wamekufa?"

Barazani palikuwa na watu. Wakacheka. Na mimi, kwa ulimi huu wa utani ambao haujawahi kunifaa kitu, nikasema, "Si mimi, mama. Ni huyu binti wa Puge. Wenzetu kule wamezoea jembe, mkasi wanauona sikukuu kwa sikukuu."

Wakacheka zaidi. Binti hakucheka. Alikunja futi kamba, akailaza juu ya meza ya cherehani taratibu, akaingia ndani. Alikuwa akikaa kwetu. Asubuhi tulikuta mkeka wake umekunjwa, na yeye ameshapanda gari la kwenda kwao.

Sasa nakaa peke yangu kwenye baraza hii, na ukikaa peke yako mbele ya cherehani iliyonyamaza, ndugu yangu, utawakumbuka hata ambao ulishaacha kuwakumbuka. Mimi namkumbuka mama. Baraza ilikuwa yake, na cherehani ni yake.

Nilipokuwa mdogo baraza hii haikunyamaza. Mama alikuwa na mashine zake, na mabinti wa kujifunza kutoka Nzega, kutoka Igunga, mmoja akienda mwingine anakuja. Zikikanyagwa zote pamoja, ungedhani mvua ya masika imeanza kupiga bati. Kazi yangu ilikuwa kupuliza mkaa wa pasi mpaka macho yanitoke, kuokota pini sakafuni kwa sumaku ya redio mbovu, na kutumwa uzi dukani, nikirudi na rangi isiyo yenyewe. Hewa yote ilinukia kitambaa kipya kinachopigwa pasi, na nyuma yake, jikoni, nsansa ya karanga, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ikichemka.

Mzazi alipomleta binti alikuja na kuku na kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Siku hiyo mama hakutaja kazi kabisa. Mgeni alikula nasi sahani moja, akaonyeshwa choo kiko wapi na maji yanachotwa wapi. "Leo ale na alale," mama alisema. "Mkasi haukimbii." Alipenda kutuambia kwamba babu wa bibi yake alikuwa mpagazi kwenye njia hii ya misafara, iliyopita karibu na hapa ikielekea Ujiji, na kwamba mgeni wa msafara hakutwishwa mzigo wa tajiri siku za mwanzo. Alibeba mikeka na vyungu vya wenzake kwanza, akiangusha, waliokosa uji ni wapagazi wenyewe, si tajiri. Kama ni kweli sijui. Mama aliamini, na aliendesha baraza yake hivyo hivyo.

Ndiyo maana kulikuwa na sheria moja iliyoniharibia utoto. Nguo ya kwanza ya mwanafunzi haikwenda kwa mteja, na haikutupwa. Tulivaa sisi, watoto wa fundi. Na si nyumbani: kanisani, Jumapili, mbele ya watu.

Nimevaa shati ambalo vifungo vilitazamana na vifungo. Nimevaa koti ambalo mkono mmoja uliishia kiwikoni na mwingine ukanifunika vidole. Lakini kubwa kuliko yote ni kaptula ya binti mmoja aliyetoka Choma. Alikata kitambaa bila kugeuza, akapata miguu miwili, yote ya kushoto, akaiunganisha kwa bidii kubwa. Ile kaptula ilikuwa na safari yake. Mimi nikienda mbele, yenyewe inakwenda pembeni, na kila hatua inapanda kidogo. Tarumbeta za kanisa zikipigwa, watoto wa benchi la nyuma wakanong'ona, "We, unaingia au unatoka?" Nilitamani sakafu inimeze.

Binti wa Choma alikaa mstari wa nyuma yangu. Mama alimweka pale makusudi. Ibada nzima aliitazama kazi yake ikipanda.

Jumatatu mama aliiweka ile kaptula mezani, akaniita. Hakumwambia yule binti neno. Aliniambia mimi, "Haya, mwambie dada yako inakubana wapi." Nikaanza kulalamika: hapa inavuta, hapa inakata, nikichuchumaa nachungulia kifo. Binti wa Choma alicheka mpaka machozi, kisha akashika wembe, akaanza kufumua. Alifumua siku nzima. Jumapili iliyofuata nilivaa kaptula ile ile, na ilikwenda nilikokwenda mimi.

Mteja akiuliza kwa nini watoto wa fundi wanatembea kama waliovaa gizani, mama alijibu, "Kosa la mwanafunzi ni la nyumba hii." Halafu akaendelea kushona.

Nilimwona mama akifanya haya utoto wangu mzima, nikadhani ni ubahili wa kitambaa. Kwa hiyo wewe mwenye gereji, wewe mwenye saluni, wewe uliyeletewa kijana wa watu jana akiwa na begi lake, usiniulize mimi. Ila kama mama angekuwa hapa angekuuliza umemlisha nini. Angekuuliza umempa kazi ya nani aharibu, yako au ya mteja. Na siku akiharibu, kwa sababu ataharibu, utamsahihishia chumbani au utamsahihishia barazani watu wakitazama. Mabinti wale walichota maji kama sisi tulivyochota, lakini hakuna aliyekuja kujifunza cherehani akaondoka amejifunza kulea mtoto wa fundi tu. Mama alikaa nao. Chai yake ilipoa kila siku.

Siku tuliyomzika walikuja. Wanawake wazima, wengine na wajukuu, kutoka Nzega, kutoka Igunga. Kila mmoja alinipa pole, halafu, nakuapia, kila mmoja aliitazama suruali yangu. Binti wa Choma, ambaye sasa ni bibi mwenye mafundi wake mwenyewe, alinishika pindo akaligeuza. "Mama angelifumua hili," akasema, akalia.

Sasa mtaa huu watu wanavaa mtumba, na sare za shule zinakuja zimeshonwa tayari. Mashine mbili niliuza. Ile kaptula, ukitaka kujua, niliifanya tambara la kufutia mafuta ya cherehani, ikachakaa, sikumbuki hata iliishia wapi. Wanangu wameshasema hawataki ufundi. Yule binti wa Puge ndiye aliyetaka. Asubuhi alikuwa akiamka kabla yangu, anafuta mashine, anaitazama. Asiporudi, mimi ndiye fundi wa mwisho kukaa hapa.

Juzi nilimweleza haya yote jirani yangu, mama anayekaanga karanga upande wa pili wa njia, ambaye alinijua nikiwa na ile kaptula. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Nikamwambia nimeamua kungoja. Hasira za watoto huisha, atarudi mwenyewe. Akakoroga karanga zake kwenye mchanga wa moto. Kisha akasema:

"Mama yako aliwavisha nyie makosa ya watoto wa watu, mkaenda nayo kanisani. Wewe kosa lako umemvisha mtoto wa watu, akaenda nalo Puge. Na bado umekaa."