Huko Uingereza Nani Anawapa Kuni?

Miaka ile ya sabini nilikuwa nesi katika zahanati ya shamba la chai, upande wa Kericho. Alasiri mvua ikishuka, michai ilipotelea ukunguni mstari kwa mstari, nami nilikuwa nikisimama dirishani na sindano mkononi nisijue niko wapi. Wengine waliita uvivu. Mimi nilikuwa Uingereza.

Rafiki niliyesomea naye unesi alikuwa ameshafika huko, na aliniandikia kila kitu. Mshahara wake wa wiki ulizidi wangu wa mwezi. Akiugua, analipwa akiwa kitandani. Zamu ya usiku ina nyongeza. Ila kwa chumba na chakula walimkata mshahara.

Nilimsomea Mama barua jikoni.

"Na kuni, nani anawapa?"

"Hawatumii kuni, Mama."

"Basi wanapunjwa hao."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kwake yeye kazi ilikuwa nyumba, unga wa posho, mzigo wa kuni na kipande cha bustani nyuma ya nyumba. Pesa ilikuwa kitoweo tu.

Fomu yangu ya kuomba kazi huko nayo ikaja. Ilitakiwa irudi kabla ya mwisho wa mwezi, nami nikaificha chini ya godoro. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shamba, ya mfanyakazi tu. Nikiondoka, Mama naye anatolewa, arudi milima ya Kisii kwa kaka yake, ambako aliapa hatakanyaga tena. Hatukulizungumza jambo hilo. Nilizidi kuota, na kila nilipoamka nilijichukia.

Jumamosi moja nilitoka kazini nikakuta bustani yote imefukuliwa. Pale kambini kwa wafanyakazi hakuna aliyeng'oa viazi vichanga ila anayehama. Nani amwachie mgeni jasho lake? Mama alikuwa ameinama topeni, akiokota viazi vidogo kama mayai ya njiwa.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimehama," alisema bila kuinua kichwa. "Jaza hiyo karatasi yako. Usinifanye mimi kisingizio."

Niliona aibu. Chini ya aibu kulikuwa na furaha, tena kubwa, na mpaka leo sijaisamehe.

Tulivichemsha na maganda yake. Yeye alikula vizuri, akasifu chumvi. Mimi nilijaza fomu kabla viazi havijapoa.