Baluni Haina Usukani

Kabla hujapanda baluni ujue kwamba utapimwa uzito, na utapimwa mbele za watu. Sisi tulipimwa kwenye mzani wa mpunga. Mama mpishi wa kambi aliposimama juu yake, mlinzi akasoma kwa sauti, "Gunia moja na debe!" Mama mpishi akashuka taratibu akamwambia, "Na wewe leo mchana utakula hilo debe." Zamu yangu ilipofika, mlinzi akaupiga mzani kofi, akidhani umekwama.

Sikuwa mtalii. Nasoma bweni Mbeya, kidato cha tatu, na ilikuwa likizo ya mwezi wa sita. Mjomba wangu, kaka yake mama, anaendesha pikapu ya kampuni ndogo iliyoleta baluni kwenye uwanda wa Usangu. Kabla ya kubeba wageni wanaolipa walitaka kuijaribu ikiwa imejaa, kwa hiyo wakahitaji watu wa kuweka uzito.

"Sio lazima wawe na akili," mjomba aliniambia kwenye simu. "Ndiyo nikakukumbuka wewe."

"Nakuja, mjomba. Hata hiyo kidogo niliyonayo naiacha bwenini."

Nilikubali haraka, na mimi urefu naogopa. Bwenini nilimhonga mwenzangu sabuni nzima ili nilale kitanda cha chini. Ila mama yangu anaishi Usangu. Baba alikwenda Dar kutafuta maisha, na hayo maisha yanajua kujificha, maana mpaka leo anayatafuta. Mama akasubiri, akachoka, akaolewa na mfugaji mmoja ambaye wazazi wake walihama na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mimi nikabaki Iringa kwa babu, mzaa baba, jirani na Tosamaganga. Babu ana sheria moja ambayo haina rufaa: mtoto wa ukoo wake hakanyagi mji wa mwanaume mwingine kwenda kula ugali wa huko.

Kila likizo basi letu kutoka Mbeya linapita Chimala. Zamani mama alikuwa anakuja barabarani. Basi likisimama, wauza mchele wanajazana madirishani, na katikati yao kinatokea kichwa cha mama. Ananipa mahindi ya kuchemsha, ananiuliza "umekula?" na mahindi yenyewe nimeyashika mkononi, basi linaondoka. Hiyo ndiyo ziara. Tangu ajifungue haji tena, kutoka kwao mpaka kwenye lami ni mbali. Siku hizi tukikaribia Chimala naanza kuwachekesha wenzangu, kwa sauti kubwa kuliko kawaida, mpaka stendi yote iishe.

Mjomba alipoomba niende nikamsaidie kambini siku chache, babu alikubali. Akaniita, akaninyooshea fimbo yake.

"Mji ule usiukanyage."

"Siukanyagi, babu."

Na kweli sikuwa na mpango wa kuukanyaga. Hakusema nisipite juu.

Jioni kabla ya kuruka nikampigia mama.

"Unapita na nini?" akauliza.

"Baluni, mama. Ni mfuko mkubwa, ndani yake wanawasha moto."

"Moto! Na wewe unakaa wapi?"

"Chini ya moto, kwenye kapu."

"Kama kuku."

"Kama kuku, mama."

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba anacheka kwa kuvuta pumzi ndani. "Sasa, mwanangu, huko juu utanijuaje?"

"Weka alama."

Akafikiri. "Natandika turubai la njano uwanjani. Kesho sianiki mpunga, naliacha tupu. Mimi nasimama katikati na mdogo wako."

Mdogo wangu huyo sijawahi kumwona. Nasikia ana masikio yangu, pole yake.

Asubuhi, jua halijatoka, tukakuta baluni imelala majanini kama ng'ombe mgonjwa, feni kubwa inaipulizia upepo. Vaa sweta, Usangu alfajiri si mchezo. Vaa na kofia pia, maana huo moto uko juu ya utosi wako na utahisi unakaangwa. Choo hakuna. Mama mpishi alipoambiwa hilo alirudi kambini mbio, akaenda tena mara ya pili kwa tahadhari.

Rubani alikuwa dada mmoja wa Arusha, mpole, asiyecheka ovyo. Akatufundisha jinsi ya kutua: geuza mgongo kule tunakoelekea, kunja magoti, shika kamba, usitoke mpaka uambiwe. Akatuuliza kama kuna mwenye swali.

"Dada, usukani uko wapi?" nikasema.

Watu wakacheka.

"Hakuna," akajibu. "Mimi napanda na nashuka tu. Kwenda upande ni kazi ya upepo."

"Kwa hiyo tunakwenda wapi?"

"Tutajua tukifika."

Wakacheka tena, mlinzi akanipiga bega. Shida ya kuwa mchekeshaji ni hiyo: ukiuliza kwa dhati, hakuna anayejua. Nikamtazama mjomba chini pale kwenye pikapu. Yeye ndiye aliyeniambia tutapita kwa mama. Akasema kwa sauti ndogo, "Mara nyingi upepo unaelekea kule." Mara nyingi! Nikatoa simu nimwambie mama, mtandao hakuna. Moto ukanguruma, na ardhi ikatuacha.

Kitu ambacho hakuna atakayekuambia ni kimya cha huko. Moto ukizimwa husikii hata upepo, kwa sababu unakwenda pamoja nao. Unasikia vya chini tu, tena kwa usafi wa ajabu: jogoo, mbwa, mtu anamfokea mtoto avae viatu. Mzee mmoja alikuwa kwenye tuta la mfereji akatusalimu kwa kelele, "Kamwene!" Nikaitika, "Kamwene!" Akaanza kuuliza habari za nyumbani kama inavyotakiwa, na kabla hajafika kwa watoto tulikuwa tumeshampita. Aliendelea kuuliza tu. Sauti yake ikawa inapungua nyuma yetu.

Halafu jua likatoka, na nikaona ujinga wetu, mimi na mama.

Ni msimu wa mavuno. Usangu nzima ilikuwa imetandikwa maturubai. Kila mji una la kwake, ya bluu, ya kijani, na ya njano tele. Nikajiambia natafuta lililo tupu. Lakini ukiwa juu, mpunga ulioanikwa nao ni wa njano. Na kwa sababu baluni ilikuwa haijawahi kupita huko, kila mama alikuwa ametoka nje, amesimama uwanjani na mtoto wake, anapunga mkono.

"Mama!" nikaita.

Wakaitika wengi. Mwanamke mwenye mtoto ukimwita mama ataitika, ni haki yake.

"Unamwita nani?" mama mpishi akauliza, ameshika kamba macho yakiwa nusu yamefumbwa.

"Nafanya mazoezi ya sauti. Shuleni naimba kwaya."

"Wewe, kwaya! Wakuruhusu?"

Nikampungia yule wa kwanza, nikampungia wa pili, nikaendelea kupunga kwa kila turubai lenye rangi inayokaribia njano, hata la chungwa. Kuna mmoja alikuwa amevaa kitenge chekundu, akamnyanyua mtoto juu ya kichwa ili tumwone vizuri. Nikamwangalia huyo mpaka shingo ikauma. Nikamuuliza rubani kama tunaweza kuganda pale kidogo. Akasema hapana, akaniuliza kama nasikia kizunguzungu.

Tulitua kwenye majaruba ya mpunga yaliyovunwa. Kapu likagonga, likaruka, likagonga tena, likalala ubavu, na mama mpishi akanilalia na gunia lake na debe lake. Mlinzi alikuwa anamshukuru Mungu kwa Kisangu. Mimi nilitoka nikatafuta mtandao, nikaupata juu ya tuta.

"Mama, umeniona?"

"Niliona kitu mbali kule, kadogo kama kitunguu, kanapotelea kwenye miti. Nikamwambia mwenzangu, wale wanazunguka kwanza, wanakuja." Akamnyamazisha mtoto. "Mmefika wapi sasa? Turubai bado nimelitandika."

Nyuma yangu mjomba alikuwa ameshafika na pikapu, wanaikunja baluni, wanaikalia ili pumzi itoke.

"Anika mpunga wako, mama."

"Hamgeuki?"

"Haigeuki hii kitu. Inakwenda inakokwenda."

"Aa. Basi sawa." Halafu akauliza, "Umekula?"

"Nimekula," nikasema, wakati sijala.

Hakukata simu. Nafikiri aliichomeka kwenye kitenge akasahau. Nikasikia anaburuta gunia, nikasikia mpunga unamwagwa kwenye turubai, halafu reki inausambaza, inakwenda, inarudi. Mtoto akasema kitu kisicho na maneno, na mama akamjibu. Mjomba aliniita nikawasaidie kukalia. Nikamwonyesha mkono, asubiri, nikaendelea kusikiliza.