Mwonja Michezo wa Kasongo

Kama umewahi kushonesha nguo ya sikukuu karibu na soko la Kasongo, huenda ni Mama Chadia aliyekupima mabega. Ni mjane mnene, mwepesi wa kucheka, na mlio wa cherehani yake unasikika hadi barabarani. Lakini siku hizi watu wakimtaja hawasemi fundi wa nguo. Wanasema mwonja michezo.

Mambo yalianza na mdogo wake, Djafari. Yeye alifungua chumba cha michezo ya video ubavuni mwa kibanda cha dada yake: televisheni mbili, mabenchi, paneli ya jua juu ya bati. Watu wakakiita sale. Kisha akapata kazi Kindu. Siku ya kuondoka akamwambia, "Yaya, dada yangu, uniangalilie sale. Kazi yako ni kuona hawapigane, na kufunga mulango magharibi."

Mwanzoni akafanya hivyo tu, akashona huku jicho moja liko kwa wachezaji. Halafu mchana mmoja ikanyesha mvua iliyofukuza wateja wote. Mama Chadia akaweka mkasi chini, akachukua maneti, kile kishikio chenye vitufe, akajaribu mchezo wa magari. Akagonga ukuta. Akarudi nyuma, akagonga ng'ombe. Alicheka peke yake mpaka kilemba kikamwanguka, na mvua ilipokatika gauni la bibi harusi wa watu lilikuwa bado halina mikono.

Tangu siku ile hakuna mchezo ulioingia kwenye sale asiujaribu kwanza. Na si mtu wa kufunga mdomo. Akimaliza, anaweka maneti magotini, anatoa hukumu. "Huu iko na sura, hauna moyo." Au: "Unajua kikwembe kinachong'aa dukani, ukifua mara moja maji yote yanakuwa mekundu? Ndiyo huu." Vijana walimbishia, na kesho yake walirudi kuja kumbishia tena.

Mmoja wa wabishi hao alikuwa Gérard, mtangazaji wa redio ndogo ya mjini. "Mama," akamwambia siku moja, "haya maneno unayamwaga bure hapa. Kuja uyaseme kwa redio."

Basi kila Jumamosi mchana, baada ya matangazo ya misiba na ya mbuzi waliopotea, ikawa zamu ya Mama Chadia. Wengi waliomsikiliza hawakuwahi kushika maneti maishani mwao. Walipenda tu namna alivyosema. Wanawake waliokuwa wakitwanga majani ya sombe walisimamisha mchi ili wasikie ni mchezo gani umekamatwa leo.

Sasa, Mama Chadia ana mdogo wake wa kike, Aziza, na Aziza ana mtoto wake mmoja, Nourdine, aliyesomea kompyuta Lubumbashi. Kule Nourdine na wenzake walikuwa wakitengeneza mchezo wao wenyewe. Siku moja akatuma video kwenye simu ya mama yake. Ilikuwa fupi, lakini uzuri wake! Jua linachomoza juu ya Kasongo. Msikiti unaonekana, kanisa linaonekana, soko limejaa watu, mtu anapita akisalimiana na kila muuzaji. Halafu msitu, halafu Lualaba pana na mitumbwi yake. Mwishoni maandishi: Kasongo yote, ingia popote, ongea na kila mtu.

Video ile ilizunguka mji mzima kabla ya jioni. Watu walitafuta nyumba zao ndani yake. Fundi wa baiskeli wa karibu na soko aliapa kwamba yule aliyevaa kofia ni yeye.

Na Jumamosi, Mama Chadia akaongeza kuni motoni. "Ndugu zangu," akasema redioni, "nimeonja michezo ya wazungu, ya wajapani, ya watu wasiojulikana. Huu wa mutoto yetu utaipita yote. Nawaambia mimi!"

Mchezo wenyewe alikuwa hajaushika bado.

Baada ya Idi, Nourdine akafika kutoka Lubumbashi, kipande cha mwisho, kutoka Kindu, kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, kompyuta imefungwa kifuani kama mtoto mchanga. Walimpa chumba kikubwa cha shule ili auonyeshe mchezo. Walikuja wafanyabiashara, walimu, akina mama, wazee wenye kanzu, na Aziza akakaa mbele kabisa na kitambaa kipya cha kichwani. Nourdine akawasha, picha ikatokea ukutani, watu wakapiga makofi.

Halafu wakangoja. Mchezo ulikuwa unajifungua polepole, alama ndogo ikizunguka, ikizunguka. Mtu wa nyuma akauliza kama ndiyo wenyewe.

Soko likaja. Fundi wa baiskeli ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza. Akamwendea muuza ndizi, muuza ndizi akasema, "Karibu, leo bei iko muzuri." Akamwendea muuza mafuta, akasema, "Karibu, leo bei iko muzuri." Akamwendea imamu, na imamu naye akasema bei iko nzuri. Wazee wakakohoa. Mbuzi akapita ndani ya ukuta na kutokea upande wa pili. Fundi akajaribu kuingia nyumbani kwake. Mlango ulikuwa umechorwa tu. Akaenda msituni, akatembea, akatembea, hakuna kitu, hakuna ndege, hakuna mtu, mpaka ardhi ikafunguka na mtu wake akaanguka kwenye weupe usio na mwisho.

"Amekufa?" Aziza akauliza.

"Hapana, mama," Nourdine akajibu kwa sauti ndogo. "Ni kosa."

Watu wa Kasongo wana adabu. Hawakuzomea. Walianza kukumbuka kazi zao, mmoja mmoja, wakiaga kwa upole. Nusu ya watu tu walikuwa wamebaki pale mchezo ulipofika mtoni.

Pale mtoni kulikuwa na mtumbwi mmoja na makasia mawili. Mchezaji mmoja anapiga kasia upande wa kushoto, mwenzake upande wa kulia, na lazima wapige pamoja, la sivyo mtumbwi unazunguka kama kuku aliyechinjwa. Wakakaa Gérard na Faridah, rafiki wa Mama Chadia anayeleta samaki kutoka Nyangwe. Mtumbwi ukazunguka. Wakagonga kisiwa cha majani. Wakamkwaruza kiboko, kiboko akapiga mwayo.

"Piga! Piga kwako!" Faridah akapiga kelele.

"Nimepiga! Wewe ndiye unapiga kabla yangu!"

Mtumbwi ukapinduka, na waliobaki wote wakaangua kicheko. Wale waliokuwa wamefika mlangoni wakarudi kuchungulia. Faridah akakataa kuachia maneti.

Lakini Nourdine alikuwa tayari anakunja nyaya zake, macho chini. "Hiyo ni kitu kidogo tu," akasema. "Tuliifanya Jumapili moja, kujaribu maji."

Habari hazikuishia Kasongo. Wenzake walikuwa wameuweka mchezo mtandaoni siku ile ile, na mwandishi mmoja wa Lubumbashi anayechambua michezo akaandika: "Niliahidiwa Kasongo yote, nimepewa picha yake." Gérard alimwonyesha Mama Chadia maneno hayo kwenye simu. Jumamosi ilikuwa inakaribia.

Aziza akaja kibandani, hata kuketi hakutaka. "Dada, huyu ni mutoto yetu. Utamuvua nguo kwa redio, mbele ya mji?"

"Nikisema ni muzuri, nani ataniamini tena?"

"Basi nyamaza wiki moja. Sema unaumwa koo."

Mama Chadia akarudia cherehani yake. Jioni ile akaenda kumwona Nourdine, akamkuta ameketi uani, bugali yake imepoa.

"Mwanangu," akasema, "miye sikuja kukusomea kosa. Nataka kuelewa. Mutu mwenye akili kama wewe, ilikuwaje?"

Nourdine akacheka bila furaha. "Mama mukubwa, mwaka wa kwanza kulikuwa na mto tu. Mtumbwi ule, na sisi tukicheka kila siku. Halafu mmoja akasema, tuweke soko. Mwingine akasema, bila msitu haina maana. Mutu aliyetaka kutusaidia akasema, nionyesheni kitu kikubwa. Tukatengeneza ile video. Video, mama mukubwa! Mule ndani hakuna mchezo, ni picha tulizochora. Watu wakaipenda. Tangu hapo tulikuwa tunafukuza video yetu wenyewe. Tukishika hapa, panavunjika pale. Na kwa sababu sisi tu ndio tulicheza, tulijua wapi pa kukanyaga. Hatukuanguka hata siku moja."

"Hamukupa mutu mwingine ajaribu?"

"Tuliona haya. Tulisema, ikikamilika."

Mama Chadia akatikisa kichwa. Alifahamu vizuri aibu hiyo. Hata yeye hakubali mtu aone gauni kabla ya pindo. Lakini gauni, mwenyewe hulivaa mara nyingi kabla ya harusi, likaminywa hapa, likaachiwa pale. "Na mimi nikaja na redio yangu," akasema, "nikaweka mlima juu ya mlima wenu." Akamsogezea sahani. "Kula kwanza."

Jumamosi mji ulitulia kama wakati wa mpira. Nourdine na mama yake walisikiliza nyumbani, mlango umefungwa.

"Ndugu zangu," Mama Chadia akaanza, na wote wakasikia kwamba sauti haina mzaha. "Wiki zilizopita niliusifu mchezo ambao nilikuwa nimeuonja kwa macho. Macho hayana ulimi. Sasa nimeucheza. Soko lake limekufa, kila mutu anasema neno moja. Msitu wake unachosha miguu. Milango haifunguki. Waliotengeneza si wavivu. Walibeba zaidi ya kinachobebwa na kichwa kimoja, na sisi kwa makofi yetu tukawaongezea mzigo. Mukiniuliza kama munaweza kuacha kazi zenu mukaucheze, nasema hapana." Gérard alifikiri amemaliza, akanyoosha mkono kwenye kitufe cha muziki. "Ngoja, Gérard! Kuna mtumbwi. Mtumbwi ule nimeucheza na Faridah kwa kompyuta ya Gérard tangu asubuhi, na chakula changu kimeungua. Mwenye kuutengeneza ule aje kwangu, anilipie sufuria."

Mji mzima ukacheka. Aziza hakucheka, akazima redio, akasema hatamsalimia dada yake mpaka mvua nyingine. Lakini Nourdine alibaki akikiangalia kile kisanduku kilichozimwa. "Amecheza tangu asubuhi?" akasema. "Kweli?"

Jumatatu akatokea kwenye sale, kompyuta kwapani.

"Mama mukubwa, sufuria nitalipa. Lakini naomba benchi moja."

Akaketi pembeni, akaufuta msitu. Akafuta soko, japo kwanza alilitembea mara ya mwisho, kwa maana alilipenda. Akawapigia wenzake Lubumbashi simu. Mmoja akakasirika siku nzima, kisha akapiga tena kusema kwamba hata yeye usiku anaota ule mtumbwi tu. Kila alipoongeza kitu, Nourdine aliwapa maneti waliokuwepo, akanyamaza, akatazama. Wakipiga miayo, alikiondoa. Wakipiga kelele, alikiacha. Faridah akataka mzigo wa samaki ndani ya mtumbwi, ili kuwe na cha kupoteza. Ukawekwa, na kelele zikaongezeka maradufu. Mama Chadia akataka kiboko apewe jina. Hilo Nourdine alikataa, wakabishana hadi adhana.

Mvua nyingine ikanyesha, na Aziza akaja kuchukua gauni lake. Aliingia na uso mkavu. "Nguo yangu iko tayari?"

"Imebaki mikono. Nishikie hii kidogo, nitafute uzi," Mama Chadia akasema, akamwekea maneti mkononi, akajifanya anatafuta uzi.

Kwenye skrini mtumbwi ulikuwa unaelekea kwa kiboko. Aziza akapiga ukelele, akabonyeza, akabonyeza tena. "Dada! Kuja haraka! Tunazama!"

Wakazama pamoja, na wakaanza upya pamoja, na gauni lilichelewa siku nyingine nzima.

Mchezo mdogo ulipotoka, Nourdine hakutuma video ya jua linalochomoza. Aliwatumia watu mtumbwi wenyewe. Yule mwandishi wa Lubumbashi aliandika kwamba alikaa kuucheza na rafiki yake ili auchambue kwa dakika chache, na sasa hawasemezani, kwa sababu kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyewazamisha. Akawashauri wasomaji wasicheze na wakwe zao. Nourdine aliyasoma maneno hayo uani kwa sauti, akarudia, na Aziza akamwambia asome tena ile sehemu ya wakwe.

Wakati wa kiangazi walikwenda kuuonyesha Wamaza, huko Kabambare, pikipiki tatu: Mama Chadia, Gérard, na Nourdine aliyebeba betri. Ilikuwa siku ya soko. Walifunga kompyuta ndani ya darasa la shule, wakatundika shuka ukutani. Wakulima wakajaa, vikapu vya karanga vikabaki nje. Waliotangulia walikuwa mzee Musafiri na mkewe Régina, watu waliooana zamani sana na wanaolima shamba moja tangu hapo. Musafiri akashika kushoto, Régina kulia.

Mtumbwi ukazunguka.

Musafiri akasema jambo kwa Kibangubangu, lugha ya huko. Régina akamjibu kwa Kibangubangu, kwa urefu zaidi, na darasa zima likalia kwa kicheko.

"Wamesemaje?" Mama Chadia akamuuliza mwanamke wa karibu.

"Mzee anasema, hivi ndivyo mkewe anavyolima. Mama anasema, ndiyo maana wanakula."

Samaki wakamwagika, kiboko akapiga mwayo, mtumbwi ukaenda nyuma. Kisha, hakuna aliyejua vipi, mikono yao ikakubaliana. Moja, na moja, na moja. Mtumbwi ukanyooka katikati ya Lualaba ukapita kisiwa, watu wakasimama juu ya mabenchi wakiwahesabia mapigo kwa makofi, na Régina, bila kuondoa macho ukutani, akampiga mumewe kikumbo cha bega.

"Usiache kupiga, baba," akasema. "Tuko tunafika."