Wadudu Wazuri wa Tumbo la Mwanangu

Mwanangu wa kwanza aliharisha na kutapika akiwa na miezi minane, siku nne mfululizo, hadi macho yakaingia ndani. Tulikuwa tunaishi Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, na mama mkwe, mpika pombe ya komoni hodari, nami ndiyo kwanza nina mwaka nyumbani kwake. Hata kukohoa nilikuwa kama naomba ruhusa. Zahanati wakampa dawa ya kuchanganya na maji, kutapika kukakoma, akacheka tena. Ila choo kikabaki majimaji, wiki ya pili sasa, na kila nikimbeba mgongoni namsikia mwepesi zaidi. Niliogopa, jamani.

Nikarudi zahanati. Muuguzi akasema, "Kirusi kimeshaondoka, lakini kimevuruga wadudu wazuri wa tumboni. Nyonyesha, endelea na uji, na usimpe kabisa vidonge vya kuua wadudu. Watarudi wenyewe."

Mimi na mdomo wangu, nafika tu mlangoni natangaza, "Mama, ni wadudu!" Kisha nikaenda zangu kuanika nepi.

Niliporudi, Yesu wangu! Mama mkwe kafungua kapsuli ya rangi mbili, ile ya kununua upande wa Zambia, unga wake keshaukoroga kwenye uji. "Wadudu wammalize mjukuu wangu mimi nipo?" Kijiko kimefika mdomoni. Nikakinyakua. Mkwe kumpokonya mama mkwe kijiko, wapi na wapi! Alinitazama kama nimemvua kitenge sokoni.

"Mama," nikasema, "ukikimwagia kimea maji yanayochemka, pombe itachacha?"

"Itachachaje, na umeshakiua?"

"Basi tumboni mwa mtoto kuna kimea chake. Kirusi kimekipunguza. Hiyo dawa itamalizia kilichobaki."

Habari za kuchacha hakuna wa kumfundisha. Akaenda kuumwaga uji shimoni, akarudi kanuna. "Sasa si umnyonyeshe! Unanitolea macho ya nini?"

Asubuhi ya siku ya sita tangu hapo nikasikia ananiita uani kwa ukelele. Nikakimbia pekupeku, moyoni nimeshampoteza mwanangu. Nikamkuta mtoto anapiga mateke juu ya mkeka, na bibi yake kashika nepi wazi. Choo kimoja, kigumu, kimeshikana vizuri.

Nikakaa palepale vumbini nikalia.

"Wee! Unalilia mavi?"

"Ndiyo, mama."

Akacheka sana. Halafu akakaa kando yangu, nepi mapajani, naye akaanza kulia.